Bastola Mbili za Bei Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Lorna Hruska ameinamia meza ya jikoni, sanduku la marehemu baba yake liko wazi, bastola iko mkononi, na silinda yake inacheza kama jino linalotaka kung'oka. Mara mlango wa nyuma ukalia. Wengi wenu mmeniandikia mkiapa kwamba aliyeingia ni mwizi.

Laiti angekuwa mwizi! Alikuwa Curt Bender, mchumba wake.

Aliingia na pakiti ya vibanzi vya jibini, vidole vimegeuka rangi ya chungwa mpaka kwenye vifundo. Akaitazama bastola, akamtazama Lorna, kisha akalamba kidole gumba.

"Aa, hiyo," akasema. "Nilikuwa nimepanga kukwambia."

"Kuniambia nini?"

"Niliichezea kidogo. Nimekaa pale kwenye kochi, naangalia filamu. Si unawajua wale jamaa wanavyoifunga? Anairusha hivi, kiganja tu, tap! Inajifunga yenyewe."

"Umeifunga bastola ya baba kwa kuirusha."

"Mara moja moja tu, mpenzi. Usinikazie macho hivyo."

Msomaji, kama hujawahi kushika kitu hiki, nitakueleza haraka tuendelee. Silinda ya bastola, lile pipa dogo la matundu ya risasi, imeshikiliwa na mkono mwembamba wa chuma. Unaifunga kwa kiganja, taratibu, unavyofunga kabati la vyombo vya glasi. Ukiirusha ikajibamiza, ule mkono unapinda. Kupinda kwenyewe hukuoni kwa macho, lakini tundu la silinda halikai tena sawa na mtutu, na risasi inatoka imekwanguliwa ubavu. Hapa kwetu Kettle Run, katika milima ya Pennsylvania, hata mlevi anayelala nje ya baa analijua hilo.

Curt Bender, aliyezaliwa humu humu, alidai halijui. Mimi nilipohadithiwa nilisikia kinyaa, na bado ninacho.

Siku yenyewe sasa! Mchana ule ule ulikuwa mchujo. Klabu yetu ya shabaha ina timu ya watu watano, na kiti cha tano kilikuwa kitupu tangu Milan Hruska, baba yake Lorna, alipofariki wakati wa msimu wa kuwinda kulungu. Lorna alikitaka kiti hicho kuliko alivyotaka kuolewa. Msimu wote wa baridi aliendesha katapila la kusukuma theluji alfajiri, kisha akaenda uwanjani kupiga shabaha mpaka vidole vikafa ganzi. Na kanuni ya klabu haina huruma: bastola ya kuazima haiingii kwenye mchujo. Uje na yako, au ukae kwenye viti na watazamaji.

"Twende kwa Virgil," Curt akasema, akijifuta vidole kwenye suruali. "Ana bastola mpaka kwenye dari. Utapata nyingine. Nakusindikiza mwenyewe, kosa si langu?"

Lorna alichukua funguo za pikapu.

Virgil Tressler ndiye mwenye duka la silaha, na ndiye nahodha wa timu. Ni mzee mwenye ndevu nyeupe zilizoingia manjano karibu na mdomo, maana hutafuna tumbaku tangu asubuhi na kutema ndani ya kikombe cha karatasi. Kikombe hicho hukaa juu ya kaunta, karibu na sahani ya donati za wateja. Watu wamekwisha kukosea vikombe, na sitasema zaidi.

"Lorna binti yangu," akasema. "Mbona uso umekuvimba?"

"Bastola ya baba imepinda mkono wa silinda, Mzee Virgil. Nataka nyingine. Leo."

Mzee akamtupia Curt jicho. Curt akachukua donati.

Virgil akatoa mbili, akazilaza juu ya kipande cha zulia. "Zinazokufaa ni hizi tu. Bei moja, usinipigie kelele za kupunguziwa. Hii nyeupe ilikuwa ya daktari wa meno, alikuwa anawaonyesha wageni baada ya chakula. Hii nyeusi ilikuwa ya askari jela wa Altoona. Ameipiga mpaka rangi yake imehamia mkononi mwake."

Nyeupe ilikuwa imenakshiwa, mpini wa mti wa mjozi, mtutu mrefu unang'aa. Nyeusi ilikuwa mbaya, nisiwadanganye. Mpini wa mpira umelika, ubavu umechubuka.

"Chukua nyeupe, mamaa," Curt akasema, unga wa sukari unamdondoka kidevuni. "Hiyo nyingine utadhani imeopolewa mtoni."

"Sikuja kununua hereni, Curt."

Akazifungua zote mbili, kwa kiganja. Akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha akachungulia ndani ya mitutu. Akabonyeza kila silinda kwa kidole gumba kusikia kama inacheza. Akavuta nyundo polepole, sikio karibu. Kifyatuo cha nyeupe kilikwaruza kidogo kabla ya kuachia. Cha nyeusi hakikusuasua hata kidogo. Ukikigusa tu, kimeshaachia.

"Hebu tukazipige," Virgil akasema.

Ndiyo desturi ya duka lake. Virgil hamuuzii mpigaji wa shabaha bastola ambayo hajaipiga juu ya mfuko wa mchanga. Mkono wa mtu hutetemeka, husingizia chombo. Ukikilaza chombo juu ya mfuko, kosa litakalobaki ni la chombo chenyewe.

Wakatoka nyuma ya duka, kwenye matope ya Aprili. Curt alibaki ndani na sahani ya donati. Hilo likumbukeni: walikuwa wawili tu huko nje.

Lorna akaanza na nyeupe. Virgil akatazama karatasi kwa darubini. "Zote sita zimetawanyika vizuri. Kikombe cha kahawa kinazifunika. Hakuna iliyotoroka."

Akashika nyeusi. Mzee akatazama, akafuta darubini, akatazama tena.

"Tano zimeingia tundu moja, Lorna. Kizibo cha soda kinazifunika. Ya sita imetoroka kushoto, karibu itoke kwenye karatasi."

"Mimi nimeitikisa?"

"Juu ya mfuko? Rudia."

Akarudia. Tano pamoja, moja kushoto. Sasa Lorna akafanya kitu ambacho mteja mwingine asingekifanya: akajaza tundu moja la silinda peke yake, akapiga, akahamia la pili. Hivyo hivyo mpaka alipofika kwenye tundu lenye mkwaruzo mdogo kama ukucha pembeni yake. Risasi ikaenda kushoto.

"Huyu ndiye mchawi," akasema.

Virgil akacheka mpaka tumbaku ikamkaba. "Mchujo ni risasi tano kwa duru. Silinda ina matundu sita. Unamwacha mchawi na njaa, basi!"

"Asiyejua atamlisha."

"Asiyejua na apotee. Marehemu mzee wako angeichukua hii hii, binti yangu."

Lorna akalengwa na machozi. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwambia neno tamu kama hilo. Akampa mzee bastola nyeusi airudishe kaunta, akaenda bafuni kunawa. Wapigaji hunawa kwa maji baridi na sabuni nyingi, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi linaloganda vidoleni, na Lorna hakuwahi kuruka hatua hiyo.

Alipotoka, Virgil alikuwa anaweka chini simu ya ukaguzi, ile anayopigiwa polisi kabla mtu hajauziwa silaha. Curt alikuwa na sanduku la bastola nyeusi kwapani.

Lorna akatabasamu. Inaniuma kuwaambia, lakini alitabasamu.

"Umeninunulia?"

"Ukaguzi umepita," Curt akasema. "Ni yangu."

"Yako kivipi? Curt, kanuni unaijua. Siwezi kupiga na bastola yako."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nini? Hujasoma ubao wa klabu? Mpinzani wako ni mimi."

Lorna akamwangalia mtu aliyekula naye meza moja tangu kiangazi, aliyempikia kahawa kila alfajiri ya theluji akimwuliza, "Jana umepata ngapi, mpenzi?" Kumbe alikuwa anapima.

"Wewe hujui hata kufunga silinda," akasema.

"Ndivyo ulivyoamini."

"Ya baba uliipinda makusudi."

"Mamaa, usipandishe. Kiti ni kimoja, tuko wawili. Nimekuacha uchague, umechagua vizuri, nimenunua. Nyeupe hiyo hapo, bei ni moja. Uonevu uko wapi?"

Alisema hayo huku anatafuna! Kipande cha donati kilikuwa kimemganda kwenye jino la mbele, na kilikuwa kinapanda na kushuka kila alipofungua mdomo. Lorna aliniambia baadaye kwamba alitamani kutapika juu ya zulia la Virgil, na kilichomzuia ni heshima ya zulia.

Badala yake alivua pete. Ilikuwa imebana, ikambidi azungushe na kuvuta mpaka kidole kikawa chekundu. Kando ya kaunta kuna ndoo ya maganda ya risasi yanayongoja kuyeyushwa. Akaitumbukiza humo.

"Hee!" Curt akaruka. "Pete ile ni ya bibi yangu!"

"Chokora."

Na akachokora, wasomaji. Alipiga magoti, akazamisha mkono hadi kiwiko, maganda yakamwagika sakafuni, huku sanduku la bastola amelibana kwapani asije akaibiwa na mtu aliyemwibia.

Lorna akamgeukia nahodha. "Mzee Virgil. Ulijua?"

Virgil akainua kikombe chake, akatema, akafuta ndevu. "Mimi ni muuza duka. Aliyetangulia kaunta ndiye niliyempigia simu."

"Nipigie na mimi. Nachukua nyeupe."

Moyoni alijipa nguvu. Nyeupe ilikuwa haina mchawi. Na Curt hakuwa nje walipokuwa wanapiga. Angejaza matundu matano yoyote yale, angemlisha mchawi, na risasi yake moja ingetoroka kila duru. Lorna alibeba bastola ya daktari wa meno akatoka, akiwa na matumaini kuliko mtu yeyote katika hali ile.

Mchana, uwanja wa klabu ulikuwa umejaa. Viti vya kukunja vimepangwa nyuma ya mstari, watu wamevaa makoti yao ya rangi ya chungwa ya kuwindia, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni. Agnes Hruska, mama yake Lorna, alikuwa kwenye meza ya chakula kama kila mwaka, anapakua haluski, zile tambi zake zinazoogelea siagi na kabichi. Alimwona binti yake hana pete. Alimwongezea tu chakula kwenye sahani.

"Kula, Lorna."

"Sina njaa, Mama. Ombea tu risasi zangu."

Agnes akachota kijiko kingine cha kabichi, akakirudisha sufuriani.

Virgil akapuliza filimbi. "Vizibo masikioni! Duru ya kwanza, risasi tano!"

Lorna akainyanyua bastola nyeupe, akasimama ubavu, mkono mmoja mbele. Shabaha yetu hupigwa kwa mkono mmoja. Wa pili unajitafutia pa kukaa. Lorna huutia mfukoni, kama alivyofanya baba yake. Jirani yake, Curt, alisimama akaning'iniza kidole gumba kwenye mkanda, nyuma, karibu na uti wa mgongo.

Lorna akakodoa macho. Kettle Run nzima ni mtu mmoja tu anayesimama hivyo, naye ana ndevu za manjano.

Filimbi. Wakapiga. Karatasi zikaletwa: Lorna yuko mbele kwa pointi mbili. Watu wakapiga makofi. Karatasi ya Curt ilikuwa na matundu manne mazuri na moja kushoto kabisa. Mchawi amekula! Lorna alitaka kucheka kwa sauti.

Virgil akasogea kumsaidia Curt kubandika karatasi mpya. Walisogeleana. Kikombe kikapanda, kikashuka.

"Duru ya pili! Jazeni tano!"

Curt akafungua silinda kwa kiganja, taratibu, kiungwana, kama mtu aliyefunzwa miaka. Yule wa kwenye kochi alikuwa ameyeyuka. Akaigeuza silinda kwenye mwanga. Akaizungusha tundu baada ya tundu, akitafuta. Akaona mkwaruzo mdogo kama ukucha. Akajaza matundu yote mengine, hilo akaliacha tupu.

Lorna aliona yote hayo.

Risasi tano za Curt ziliingia katikati zote. Za Lorna zilitawanyika kwa upana wa kikombe cha kahawa, kama daktari wa meno alivyopenda. Sasa walikuwa sawa, duru moja imebaki.

Lorna akalaza bastola, silinda wazi, mtutu umeelekea mchangani. Akavua vizibo, akamfuata nahodha mpaka alikokuwa anaandika pointi, hatua chache tu kutoka meza ya chakula.

"Umemwambia."

"Rudi kwenye nafasi yako, Lorna."

"Tulikuwa wawili nje, mimi na wewe. Umemwambia tundu. Umemfundisha kusimama. Msimu wote wa baridi ulikuwa unamnoa, na mimi unaniita binti yangu! Na bastola ya baba, hiyo pia ni wewe uliyemtuma?"

"Hapana! Hiyo aliibuni mwenyewe, na niliposikia nilitaka kumchapa. Chombo kile nimekipenda kabla hujazaliwa."

"Chombo kinakuuma, mimi sikuumi?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Na wasikie! Wewe ulibeba jeneza la baba, Mzee Virgil. Ulilia kuliko mimi. Unawezaje kula kwenye meza ya mama yangu na mdomo huo?"

Mzee akatafuta pa kutema. Kikombe alikuwa amekisahau kwenye mstari. Akameza. Nilikuwa nimekaa karibu, nililiona koo lake likishuka na lile tope la tumbaku, na mpaka leo siwezi kuona ndevu za manjano nikafurahia chakula.

"Unataka kujua?" akasema. "Unataka kweli?"

"Sema."

"Wewe ni bora kuliko Curt. Ni bora kuliko mimi. Ungekuja na fimbo ya ufagio ungekaribia kunishinda. Kwa hiyo nikaona nikikukataa wazi, klabu nzima itaniuliza sababu, na sababu niliapishwa nisiiseme."

"Uliapishwa na nani?"

"Na Milan."

Lorna akarudi nyuma hatua moja.

"Baba yako alikuja dukani wiki ile ile aliyofariki," Virgil akasema. "Alisimama pale pale ulipokuwa umesimama leo. Akaniambia: kiti changu mpe yeyote umtakaye, mpe hata yule mpumbavu Bender, ila Lorna asikikalie. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, nikamwapia."

"Mwongo. Baba ndiye aliyenitia bastola mkononi. Mwongo mkubwa wewe, tena unamsingizia maiti!"

"Sina haja uniamini mimi. Alikuja na shahidi."

Macho ya mzee yakampita Lorna begani. Lorna akageuka.

Nyuma ya meza ya chakula, Agnes alikuwa amesikia kila neno. Hakushtuka, hakumfokea Virgil, hakutikisa kichwa kukanusha. Alikuwa ameshika kitambaa, anafuta mahali pamoja pa meza ambapo palikuwa pakavu.

"Mama?"

Filimbi ikalia. "Duru ya mwisho!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye mstari. Curt alikuwa ameshasimama, silinda wazi, tundu moja tupu, anamngoja.

"Mama, niangalie. Mwambie anadanganya."

Agnes Hruska akafungua vifundo vya aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Iache bastola hapo ilipo, Lorna," akasema. "Twende nyumbani."